Jibu: Huntress wa Sportsmaster si yule wa Batman

Mkuu, salama? Umeuliza Huntress ni nani hasa kwenye vitabu vya katuni vya DC. Umekwama kwa sababu kwenye toleo moja Huntress ni mke wa Sportsmaster na mhalifu mwenzake, kwenye jingine yuko upande wa Batman. Hao ni watu tofauti wanaotumia jina moja la Huntress. Angalia kwanza mwaka. Kama toleo ni la kabla ya 1977, huyo ni Paula Brooks, mhalifu tangu 1947. Huntress wa pili, Helena Wayne, binti wa Batman, alikuja 1977. Wa tatu, Helena Bertinelli, 1989. Paula baadaye akaitwa Tigress, ndiyo maana ukimtafuta kwa jina la zamani unaletewa akina Helena tu.

Mumewe, Sportsmaster, yaani Crusher Crock, naye ni wa 1947, adui wa shujaa Green Lantern wa kwanza, Alan Scott. Huyu Sportsmaster, hata mpira wa besiboli kwake ni bomu.

Mimi ningekushauri utafute DC Super-Stars namba 10 ya 1976. Wanandoa hawa wanabishana kama wahalifu wanaweza kuwashinda mashujaa, basi ubishi unaamuliwa kwa mechi ya besiboli, wahalifu dhidi ya mashujaa. Upuuzi mtupu, lakini mtamu! Ukishaisoma hutamchanganya tena Paula na Helena yeyote.