Kuandika maelezo ya mchakato wa kiwandani: fuata mzigo, mashine zitakuja zenyewe

Nyie mnaoanza kazi viwandani, siku si nyingi mtu ataitwa aambiwe "hebu tuandikie huu mchakato wetu kuanzia mwanzo hadi mwisho", na wengi wakipewa hiyo kazi wanakimbilia kuorodhesha mashine. Kuna boila, kuna tangi namba moja, kuna pampu, kuna kichujio, alafu kuna mashine ya kufungashia. Kurasa zinajaa na msomaji bado hajui mle ndani kinatokea nini. Hiyo ni orodha ya vifaa, na orodha ya vifaa stoo wanayo tayari.

Shika mzigo wenyewe uongozane nao. Anza na malighafi pale inaposhushwa, uliza imekuja ikiwa na hali gani, inaenda wapi, ikifika huko inafanywa nini, ikitoka imekuwa nini. Mashine itaingia kwenye sentensi yenyewe maana ndo inayofanya kazi, ila habari inabaki kuwa ya mzigo. Kila hatua isomeke hivi: kilichoingia, kilichofanyika, kwa joto au presha au muda gani, kilichotoka, na lile ambalo linasahaulika karibu kila mara, yani unajuaje kwamba hatua imekamilika na isipokamilika inakuaje.

Tuchukue maziwa, maana ni rahisi kuyaona. Sentensi ya kawaida utakayokuta ni "Maziwa hupashwa kwa joto linalofaa kwa muda mfupi ili kuua vijidudu kisha hupozwa." Sarufi iko sawa kabisa, ila huwezi kuifanyia kazi. Linalofaa ni ngapi? Muda mfupi ni dakika au sekunde? Sasa soma hii: "Maziwa ghafi yaliyochujwa yanapashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi, yanapita kwenye bomba la kushikilia joto kwa sekunde zisizopungua 15, kisha yanapozwa hadi nyuzi 4. Sensa ya mwishoni mwa bomba hilo ikisoma chini ya 72, vali inayageuza maziwa yarudi kwenye tangi la kuanzia, hayaendi kufungashwa." Imeongezeka kidogo tu lakini mkaguzi, fundi umeme na kijana aliyeajiriwa jana wote wanaelewa, na swali la "je yasipofika joto?" limeshajibiwa kabla halijaulizwa.

Hapo hapo kwenye maziwa kuna mtego. Kwenye mitambo mingi maziwa ya baridi yanayoingia yanapashwa kwanza na yale ya moto yanayotoka, yakiwa yametenganishwa na mabamba membamba, ili kuokoa nishati. Sasa unaandikaje kitu ambacho mwisho wake unasaidia mwanzo wake? Wengi wanajaribu kukieleza katikati ya safari na msomaji anapotea hapo hapo, hajui tena anasoma maziwa yapi. Andika safari yote moja kwa moja mpaka mwisho, ukishamaliza ndo uweke aya moja ya kusema joto linarudishwaje. Ni vile vile kwa chochote kinachorudi nyuma. Kwenye kutengeneza amonia, kila mzunguko unageuza karibu asilimia 15 tu ya gesi ya nitrojeni na haidrojeni kuwa amonia, amonia hiyo inatolewa kwa kupozwa ikawa kimiminika na gesi iliyobaki inarudishwa kwenye kinu. Ukiacha kuandika huo mrejesho msomaji atadhani asilimia 85 inatupwa!

Namba nazo ukizitaja sema ni za wapi na ni za nini. Utaona mtu kaandika "joto la tanuri la saruji ni nyuzi 1450" kamaliza, kaenda kunywa chai. Joto la nini? Mzigo wenyewe ndo unafika karibu 1450 pale klinka (yale mabonge magumu yanayosagwa kuwa saruji) inapoundwa, lakini mwali wa moto uko juu zaidi, unakaribia 2000, na ganda la chuma kwa nje lina joto lake tofauti kabisa. Kwahiyo andika "mzigo unafikishwa karibu nyuzi 1450" na ubishi umeisha. Presha ndo mbaya zaidi. Baa 5 za geji, yani zinazosomwa kwenye kipimo kinachoanzia sifuri kwenye hewa ya kawaida, ni karibu baa 6 ukihesabu na presha ya hiyo hewa inayotuzunguka, na mtu akinunua kifaa kwa kufuata maelezo yako bila kujua umemaanisha ipi, hapo mtatafutana.

Sababu je, uziweke? Weka pale ambapo bila sababu hatua inaonekana kichekesho. Mfano asidi ya salfuriki, maana kila mgeni anajiuliza kwanini gesi ya salfa trioksaidi isipelekwe tu kwenye maji wakati mwishoni tunataka asidi yenye maji ndani yake. Ukiipeleka kwenye maji inatengeneza ukungu wa asidi ambao ni shida sana kuukamata, ndo maana inafyonzwa kwenye asidi nzito ya karibu asilimia 98, alafu maji yanaongezwa kurekebisha nguvu. Sentensi mbili, basi. Mtu akielewa hilo hatakuja siku moja na wazo la kufupisha njia. Ila sio kila bomba linahitaji historia yake jamani, pampu inasukuma, hatuhitaji falsafa.

Kitu kingine ni hizi sentensi zisizo na mtendaji. "Vali inafunguliwa." Na nani? Opareta kwa mkono, au kompyuta ya mitambo ikiona kiwango kimefika? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na Kiswahili chetu kinaruhusu kuyaficha vizuri tu. Alafu ukishaita kitu tangi la kuchanganyia kiite hivyo mpaka mwisho, usije ukurasa wa pili ukakiita pipa na wa tatu mtungi ili uonekane una msamiati, msomaji ataanza kutafuta vyombo vitatu.

Ukimaliza rasimu fanya hesabu ya uzito kabla ya kumpa mtu yeyote. Vilivyoingia lazima vionekane vimetoka mahali. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikichomwa mpaka mwisho zinabaki kilo 56 za chokaa, kilo 44 zinaondoka kama kaboni dayoksaidi kupitia dohani. Kama maelezo yako yana mawe yanaingia na chokaa inatoka na hujataja gesi, umesahau karibu nusu ya mzigo. Ni vile vile kwa maji machafu, vumbi, mvuke na makapi, watu wanaviruka kwa kuwa haviuzwi.

Alafu usiandikie mezani ukiwa peke yako na mchoro. Mchoro unaonyesha kiwanda kilivyokusudiwa, na opareta wa shifti ya usiku anajua kuna bomba la pembeni liliongezwa baadae na vali gani haifungi vizuri. Tembea naye kuanzia stoo ya malighafi mpaka mlango wa kupakia, muulize "hapa unaangalia nini ujue mambo yako sawa?", alafu andika anachokujibu pembeni ya kile ulichosoma. Vikipishana usichague unachokipenda, kamuulize tena opareta na aliyechora mchoro, na kwenye kila namba uandike umeitoa wapi: kibao cha mashine, kumbukumbu za shifti, au mdomo wa mtu, pamoja na tarehe.