Logi za seva zikijaza diski: maswali na majibu

Nimefuta access.log (logi, yaani faili la kumbukumbu) ya Nginx, programu ya seva ya wavuti, yenye GB 40, lakini amri ya df, inayopima nafasi ya diski, bado inaonyesha imejaa. Nafasi imekwenda wapi?

Haijaenda popote. Amri ya rm imeondoa jina tu. Nginx bado imelishikilia faili, na Linux hairudishi nafasi mpaka programu ya mwisho inayolitumia ilifunge. Endesha `lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, utaliona. Kisha andika `nginx -s reopen` ili Nginx ilifunge faili la zamani na kufungua logi upya, na nafasi itarudi. Siku nyingine usifute: `truncate -s 0 /var/log/nginx/access.log` huliacha faili tupu bila kusimamisha huduma. Kama kuna shambulio unalichunguza, nakili kwanza mistari unayoihitaji kwenye diski nyingine, maana yaliyokuwamo hayarudi.

Nimeweka size 100M kwenye logrotate, programu inayozungusha logi (huweka faili la zamani kando na kuanza jipya), mbona faili linafika GB 3 ndipo linazungushwa?

Logrotate si mlinzi anayekesha. Huamshwa kwa ratiba, kwa kawaida mara moja kwa siku, na hapo ndipo inapopima ukubwa. Endesha `systemctl edit logrotate.timer`, na chini ya `[Timer]` andika mistari miwili: `OnCalendar=` ikiwa tupu, ili kufuta ratiba ya zamani, kisha `OnCalendar=hourly`. Badala ya size, tumia `daily` pamoja na `maxsize 100M`: faili litazungushwa kila siku, au mapema likipita kiwango hicho.

Hapa wengi hujikwaa mara mbili. `rotate 14` huhesabu mafaili, si siku. Logi ikizunguka kila saa, unabaki na historia ya saa 14 tu. Na ukiwa na `dateext`, inayoweka tarehe kwenye jina la faili lililozungushwa, ongeza `dateformat -%Y%m%d-%H`, la sivyo mzunguko wa pili wa siku hiyo utarukwa kwa kuwa jina tayari lipo. Jaribu kwanza kwa `logrotate -d`, ambayo haigusi faili lolote.

Je, copytruncate (logrotate kunakili logi, kisha kulikata faili la asili liwe tupu) ni salama?

Itumie pale tu programu isipoweza kufungua logi upya. Mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kukata hupotea, na faili la GB 20 linahitaji GB 20 nyingine za nakala, wakati diski ndiyo hiyo inayojaa. Kwa Nginx, `create` (huunda faili jipya) pamoja na `postrotate` (huendesha amri ya kufungua logi upya baada ya mzunguko) yatosha.

Kontena za Docker (programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa kila moja) nazo?

Logi za json-file, njia ya kawaida ya Docker ya kuhifadhi logi, hazina kikomo usipokiweka. Kwenye `/etc/docker/daemon.json`, ndani ya `log-opts`, weka `max-size` ya "50m" na `max-file` ya "5", kisha uwashe Docker upya. Kontena za zamani hazitafuata mpaka uziunde tena.