Mgeni Katika Chumba Kilichopangishwa: Je, Inafaa Kumfungia Mlango?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane wa Ujiji. Chumba changu cha uani nimempangisha kijana mvuvi wa dagaa, naye alilipa kodi ya miezi sita. Mwezi wa tatu alikwenda kambi ya ziwani, na sasa analala humo mwanamke nisiyemjua pamoja na watoto wawili, anayesema kuwa ni dada yake. Hatukuandikiana lolote kuhusu wageni. Je, inafaa nibadilishe kufuli akiwa sokoni na kuvizuia vyombo vyake hadi kijana arudi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yetu, ni haki yako kumjua anayelala ndani ya ua wako, lakini kufuli hiyo usiifunge. Chumba ni mali yako, ila manfaa yake umekwisha kuyauza kwa miezi sita, na hiyo ndiyo maana ya ijara: mpangaji hanunui kuta, hununua kukaa humo kwa muda uliotajwa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 1: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi."

Ama huyo mwanamke, mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wa madhehebu ya Imamu Shafi kwa asili humruhusu mpangaji kumweka mwingine mahali pake, maadamu matumizi ya huyo hayazidi yake; ndiyo maana wakasema kwamba katika nyumba iliyokodiwa kwa kuishi asiwekwe mhunzi, kwa kuwa nyundo huzidhuru kuta. Wewe ulimpangisha mtu mmoja, na sasa watatu wanatumia choo na maji. Hiyo ni ziada ya kweli, na una haki ya kuisemea. Lakini wa kuambiwa kwanza ni kijana uliyefunga naye mkataba, kwa simu au kupitia wenzake wanaorudi mwaloni, yaani ufukweni panapotua mitumbwi, wakati wa mbalamwezi.

Vyombo usiviguse kabisa. Nimewahi kuona magodoro ya watu yakilowa uani wakati wa masika kwa ugomvi wa kodi, na mwenye nyumba akidhani kuwa yuko katika haki yake. Wewe hata kodi hudai, na Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana."

Bisha hodi mchana ukiwa na jirani mwanamke, umsalimie, umuulize jina lake na alikotoka, kisha mwende naye kwa mwenyekiti wa mtaa akaandikishwe. Kijana akithibitisha kuwa ni dada yake, elewaneni mchango wa maji. Akisema hamjui, au miezi sita ikiisha na mwanamke huyo akang'ang'ania bila ridhaa yako, hapo amekuwa mwenye kughusubu, yaani kukalia mali ya mwingine bila haki, na kila siku anayokaa anadaiwa kodi ya chumba mfano wa hicho. Hata hivyo usimtoe kwa mikono yako, bali shauri lipeleke kwa mwenyekiti, na likishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkataba unaofuata uandikwe, na watakaolala humo watajwe kwa majina.

Wallahu a'lam.