Muulize Bibi wa Feri: Mashine kwa atakayeleta chewa mkubwa

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mvuvi wa mshipi, Mtwara Vijijini. Kuna kijana wetu aliyefanikiwa mjini anataka kutuandalia mashindano ya kuvua mwezi wa Desemba, wageni wakirudi nyumbani. Zawadi ya kwanza ni mashine ya boti kwa atakayeleta chewa mkubwa kuliko wote. Ya pili ni fedha kwa chombo kitakacholeta mzigo mzito. Mtendaji ametangaza mkutano wa kijiji ili watu watoe maoni juu ya kanuni. Wazee wanasema tukikubali, chewa watakwisha kwenye miamba yetu. Vijana wanasema wazee wana wivu. Binamu yangu naye ametuonyesha video za Wamarekani wanaoshindania samaki anayeitwa besi: wanampima, wanapiga picha, wanamrudisha majini akiwa hai. Anasema tufanye hivyo na ugomvi utaisha. Sikufichi Bibi, ile mashine naitaka. Lakini wanangu nao nataka wavue. Nikipewa nafasi ya kusema, niseme nini?
Mvuvi wa mshipi, Mtwara Vijijini

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ningekuwa na umri wako na mtumbwi wako, hiyo mashine ningeitaka hata mimi. Kwa hiyo sikwambii ukayapinge mashindano. Nakwambia ukaombe wabadilishe samaki.

Mimi chewa namjua kwa upande wa kisu. Nimewapasua pale feri ya Mtwara, sokoni kwa samaki, tangu enzi za mizani ya mawe. Chewa wa wastani nikimpasua wakati wake, nakuta mayai. Yule babu lao, ambaye wanaume wawili wanambeba kwa mti, mayai sikuti. Zamani nilidhani ni uzee. Baadaye mtu wa uvuvi akanieleza, na wataalamu wote wanasema hivyo hivyo: chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakazaa kwa miaka, kisha baadhi yao wakishakuwa wakubwa hugeuka madume. Sasa fikiria mashine ya boti ikitolewa kwa anayeleta mkubwa kuliko wote. Kijiji kizima kitakuwa kinawinda madume. Majike watabaki na mayai yao, na wa kuyarutubisha hayupo.

Halafu hiyo Desemba. Kuna chewa wakubwa wa madoa ya kahawia ambao tafiti za Kenya na Shelisheli zimewaona wakikusanyika kuzaa wakati wa kaskazi, siku za mwezi mwandamo, mahali pale pale kila mwaka. Mvuvi mzee anayaelewa mambo haya bila utafiti. Ana mwamba wake, ana mwezi wake, na hamwambii mtu hata mkwewe. Siku ya mashindano siri hiyo itauzwa kwa mashine moja, na wiki ijayo kila mwenye ndoano atakuwa juu ya mwamba ule. Wazee wenu hawana wivu. Hao ndio waliokuwapo miaka ya mabomu, wakaona miamba iliyovunjwa na baruti inavyokaa bila samaki. Vijana wawaulize kabla ya kuwatukana.

Sasa nije kwa binamu yako na Wamarekani wake, kwa sababu neno lake litapendwa mkutanoni na lina nusu ya ukweli.

Besi ni samaki wa maji baridi, wa maziwa na mito. Hata jirani zetu Wakenya wanaye Ziwa Naivasha. Alipelekwa huko miaka ya 1920. Marekani mashindano yake ni biashara kubwa tangu miaka ya 1960, bwana mmoja wa Alabama, Ray Scott, alipoyapangia utaratibu. Mwanzoni walikuwa wanaua samaki kama sisi tu. Watu wakalalamika kwamba mashindano yanamaliza maziwa, na mwaka 1972 Scott akaanza kuwataka washindani wawalete samaki hai wakapimwe na kuachiwa. Boti zao zina tangi la maji yenye pampu ya hewa. Idadi inawekewa mipaka, mara nyingi samaki 5 kwa mtu. Na kanuni za uvuvi wenyewe hazitungwi na mwenye zawadi: kila jimbo lina mamlaka yake ya uvuvi, inatangaza pendekezo, wananchi wanaandika au wanakuja kusema, ndipo linapitishwa. Florida, kwa mfano, kuanzia Julai 2016 mvuvi anaruhusiwa besi 5 kwa siku, na kati ya hao ni 1 tu anayeweza kufikia inchi 16 au kuzidi. Umeona wanachomlinda? Mkubwa. Ninyi mnataka kumpa mashine anayemuua.

Lakini hata huko kuachia samaki hakujawa dawa ya kila kitu. Maji yakiwa ya moto, besi aliyekaa kutwa ndani ya tangi anaachiwa akiogelea, kisha siku chache baadaye anaelea. Anavuliwa upande huu wa ziwa, anapimwa na kuachiwa upande ule, na wengi hubaki pale pale walipomwagwa. Tena dume la besi ndilo linalolinda kiota. Ukiliondoa kwa saa chache tu ili likapimwe, visamaki vingine vinakuja kula mayai. Ndiyo maana kuna mashindano siku hizi ambayo samaki haondoki pale alipovuliwa: mtu anamlaza kwenye ubao wa kupimia, anaweka pembeni kadi yenye alama iliyotolewa asubuhi ile ile ili asilete picha ya jana, anapiga kwa simu, anamwachia hapo hapo.

Sasa chukua utaratibu huo umpelekee chewa wa kina cha pima ishirini. Wewe ni mvuvi wa mshipi, umemwona mwenyewe akifika juu: macho yametoka, tumbo limejaa, utumbo unachungulia mdomoni. Hewa iliyomo ndani yake inapanuka kadiri anavyopanda. Ukimwachia hazami. Ataelea akipiga mkia mpaka mwewe amwone. Katika Ghuba ya Meksiko Wamarekani wana samaki wa miamba kama hawa wetu, na mwaka 2022 sheria yao ilianza kutaka kila chombo kinachowavua huko kiwe tayari na kifaa cha kumrudisha samaki chini kwa uzito, au sindano ya kumtoa hewa. Besi wa maji ya pima mbili tatu hana shida kubwa hiyo. Kwa hiyo mwambie binamu yako kwa upole kwamba video ni nzuri, samaki siye.

Na tuambizane ukweli mwingine. Utamrudisha baharini chewa wa kilo ishirini mbele ya mwanamke aliyekuja ufukweni na beseni? Kwetu samaki ni kitoweo. Kanuni ambayo watu watacheka wakiisikia haifiki hata saa nne asubuhi.

Basi simama useme hivi: chewa asihesabiwe. Mashine iende kwa samaki wa kupita, kolekole, felusi, mzia, watu wajilie na wauze kwa raha. Nguru nitakubali shingo upande, awe mmoja kwa chombo, maana naye katika Bahari ya Hindi anavuliwa sana. Chewa akinasa kwa bahati mbaya, msimtoze mvuvi faini wala msimkate alama. Mkifanya hivyo atamtupa amekufa ili asionekane. Ampeleke nyumbani kwa mkewe, hapandi mizani, basi. Na ile zawadi ya mzigo mzito ifutwe kabisa, hiyo ni kualika nyavu. Mshipi tu. Bunduki ya kuchomea samaki na juya vimeshapigwa marufuku na Kanuni za Uvuvi za 2009, lakini viandikwe tena, maana siku ya zawadi watu husahau.

Mizani isishikwe na mwenye zawadi wala na mwenye chombo. Nimeona samaki feri ametiwa mchanga, mwingine maji, mwingine chubwi, na hapo tunagombania shilingi elfu mbili. Mwaka 2022 huko Ohio wanaume wawili walinaswa kwenye mashindano, samaki wao walipopasuliwa wakakutwa na vipande vya madini ya risasi tumboni; mwaka uliofuata wakapewa siku 10 jela na kunyang'anywa boti. Kwa hiyo mshindi apasuliwe hadharani kabla ya kupewa mashine. Mtafute mama mmoja wa feri mwenye kisu kizuri, kazi ya dakika moja.

Tena sema kuwe na saa ya kutoka na saa ya kurudi, na anayerudi baada ya saa hiyo hapimwi. Kaskazi ikichafuka, mtu anayeitamani mashine hatageuza mtumbwi wake kwa hiari.

Kuhusu mkutano wenyewe. Maneno ya ufukweni hayahesabiki mpaka yawe kwenye muhtasari, kwa hiyo ukimaliza kusema, muombe mtendaji asome alichoandika. Kabla ya siku hiyo, ongea na viongozi wa BMU yenu, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi. Kikundi hicho kipo kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya 2003, na mashindano yasiyopita kwao yataleta kesi. Kama mnataka mwamba wa chewa upumzishwe mwezi mwandamo wa kaskazi kila mwaka, mashindano au pasipo mashindano, basi hiyo ni sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni, halafu inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Ni safari ndefu kidogo. Ianzeni katika mkutano huu huu, watu wakiwa wamejaa kwa ajili ya mashine.

Hukutaja kijiji. Kama ni Msimbati, Ruvula au kingine kilichomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, msipange tarehe kabla ya kuonana na watu wa hifadhi. Huko kuna maeneo ya kuvua na maeneo yasiyoguswa. Na mjue kwamba sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 inavipa vijiji haki ya kushiriki kutunga kanuni na kupanga maeneo hayo, kwa hiyo msiende kama waombaji.

Kijana wenu mfadhili msimwaibishe mbele za watu. Mfuateni nyumbani mapema, wazee wawili na wewe, mumwambie mapicha ya kolekole yanapendeza kuliko ya chewa aliyetokwa macho. Atakubali. Watu wa mjini wanapenda picha.

SWALI: Bibi wa Feri, habari za huko. Mimi nakaanga na kuuza samaki, Kilwa Masoko. Na sisi tunasikia habari za mashindano ya kuvua, na kila wakiitisha kikao wanakaa wavuvi na wenye vyombo. Nikitaka kusema naambiwa "mama, wewe huvui". Nina haki ya kutoa maoni?
Mama wa kikaango, Kilwa

JIBU: Salama mwanangu. Kikao cha wavuvi ni chao, waache wakae. Ila mkutano wa wakazi si wa wavuvi. Kijijini, mkazi yeyote aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mjini kuna mkutano wa mtaa au wa kitongoji. Hakuna mahali palipoandikwa uwe na ndoano.

Na una la kusema ambalo wao hawana. Siku ya mashindano vyombo vyote vinarudi kwa wakati mmoja, samaki wanamwagwa ufukweni kwa mkupuo, bei inaanguka, na barafu haitoshi. Wavuvi wanakumbuka zawadi. Samaki watakaooza jioni ni wa kwenu. Kwa hiyo dai kwenye kanuni idadi ya samaki kwa kila chombo, barafu iwepo kabla vyombo havijatoka, na mnada ufanyike siku ile ile kwa zamu. Kupunguza idadi kunawafaa samaki na kunaifaa bei yako, useme yote mawili, usione haya kutaja fedha.

Beba daftari lako la mauzo. Yule anayekwambia huvui, muulize mwezi uliopita chewa wa kilo kumi alimwona mara ngapi, kisha msomee wewe uliowanunua mwaka huu na wa miaka iliyopita. Kama huna daftari, anza leo jioni: aina, uzito, bei. Na ukienda kwenye mkutano, nenda na wenzako wa kikaango watano sita, mkae mbele, si nyuma kwenye mkeka wa kina mama.