Naenda misheni Malawi, nikafanye nini huko?

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 24, fundi cherehani hapa Mbeya. Umoja wa vijana kanisani kwetu unaenda misheni Karonga, Malawi, mwezi wa pili, siku tisa, mchango laki mbili na nusu kila mtu. Natamani sana kwenda ila mama mdogo anasema hizo hela bora niwape yatima wa hapa hapa, alafu mimi kuhubiri sijui, kwaya siimbi, najua kushona tu. Tumeambiwa pia tukusanye mitumba tupeleke. Niende au nibaki? – Fundi, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Mimi nataka uende, ila kabla hujatoa hata mia, mfuate kiongozi wenu umuulize kanisa la kule limewaita au mmejiita wenyewe. Kama limewaita kuna barua au hata simu ya mchungaji wao, na humo wamesema wanahitaji nini. Kama hakuna kitu, basi hamjui mnaenda kufanya nini, na mama mdogo aliyesema hizo hela uwape yatima wa hapa ana haki yake. Na hata kama mwaliko upo, mama mdogo msikilize, jumamosi hii pita kwa yatima mmoja wa mtaani kwenu, havigombani hivyo vitu viwili.

Sasa hiyo mwezi wa pili ndo imenishtua. Safari yangu ya kwanza Malawi tulienda mwezi huohuo, tuko watu 22, tukapokelewa kwa nyimbo, nsima (ugali wao) kila siku na usipa (dagaa wa ziwani wale), tukagawiwa kulala kwenye nyumba za waumini. Siku ya tatu nimeamka alfajiri naenda chooni, napita jikoni nje, namkuta mama mwenye nyumba na binti zake wawili wamelala kwenye mkeka pembeni ya mafiga, yule mdogo kajifunika kanga yangu niliyoianika jana yake. Vitanda vyao ndo tulivyolalia sisi. Na baadaye nikaja kujua ule unga ulikuwa wa mahindi ya mwisho, maana kule Januari mpaka Machi ndo miezi ya njaa, mahindi mapya wanavuna kuanzia Aprili, na sisi watu wazima 22 tumekula wiki nzima tunashukuru tu! Kwa hiyo mwombeni mwenyeji aseme ukweli, ikiwezekana sogezeni safari mpaka baada ya mavuno, ikishindikana mbebe unga, mchele na mafuta yenu, mkabidhi kwa mhazini wa kanisa kimyakimya kabla hamjaanza kula, na magodoro mwende nayo hata ya kukunja.

Mitumba acheni. Sisi tulipeleka viroba tisa, na palepale kanisani kuna mama anauza mitumba sokoni, ndo anasomeshea watoto, wiki ile hakuuza kitu. Hakutusema, alikuja ibadani akatuombea safari njema.

Kuhusu kuhubiri wala usijione mdogo. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifika ziwani kule mwaka 1875, na pale Khondowe, makao ya misheni hiyo, wapo tangu 1894, kwa hiyo utawakuta wazee ambao babu zao walibatizwa zamani sana. Hawasubiri injili itoke Mbeya, wanasubiri ndugu. Wewe una cherehani, waulize akina mama wa kule mapema kama wangependa mkae pamoja mshone taulo za kike za kufua au sare za shule, wakisema ndiyo nunueni vitambaa sokoni kwao, na waulize na wewe wakufundishe kitu. Wakisema hapana, utapika nao, utachota nao maji, utawashika watoto wao wakati wanapalilia. Hiyo ni huduma kamili kabisa.

Lugha isikutishe. Kama kwenu mnaongea Kinyakyusa utasikilizana vizuri na Wangonde wa Karonga, ni ndugu wa damu hao, tofauti mto Songwe tu. Ukifika mlangoni piga "odi", wanajua kama sisi tunavyojua hodi, na kushukuru kwa Kitumbuka, lugha ya kaskazini mwa Malawi, ni "yewo". Ziwa lile wao wanaliita Malawi, sisi Nyasa, ubishi wa mpaka waachieni serikali.

Afya sasa. Lala kwenye neti kila usiku na dawa za malaria kaulizie hospitali kabla ya safari. Askofu Mackenzie wa misheni ya Waanglikana alifika nyanda za Shire mwaka 1861, mtumbwi ukapinduka dawa zote zikazama, Januari 1862 akafa kwa homa, na mrithi wake akaihamishia misheni Zanzibar, ndo ikaja kujenga lile kanisa la Mkunazini. Kwa hiyo dawa kaa nazo kwenye mkoba wako wa mkononi, sio kwenye begi la juu ya basi. Na ziwani usiingie kuoga hata maji yawe mazuri vipi, kuna kichocho.

Picha za watoto usipige bila mama zao kukubali, na usiziposti.

*Shikamoo. Binti yangu ana miaka 19, kuna kikundi cha maombi sio cha kanisani kwetu kinampeleka nje "kuhudumu" miezi mitatu, gharama zote juu yao, kiongozi ameshachukua pasipoti yake aitunze. Nina wasiwasi. – Baba, Morogoro*

Marahaba, wasiwasi wako ni wa kweli. Pasipoti hatunziwi mtu mzima, kaichukue leo hii. Alafu huyo kiongozi akupe jina la kanisa linalowapokea, namba ya mchungaji wa kule uongee naye mwenyewe, tiketi ya kurudi yenye tarehe, na anwani ya atakapolala. Mpelekee mchungaji wenu hayo yote ayahakiki. Tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, kwa hiyo akikukatalia hata kimoja nenda polisi, usione aibu kwamba ni watu wa maombi, na binti asipande gari.