Ajira za kijani: angalia nani anabaki ujenzi ukiisha

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ajira za kijani, yaani kazi za nishati safi kama sola na upepo, zinazotangazwa kwenye kanda yetu ni ajira kweli au vibarua vya kupita, na kama fundi umeme kijana ahamie huko. Mimi ni fundi umeme wa mitambo ya sola, nakujibu kwa niliyoyaona kazini.

Ajira zipo. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA) na Shirika la Kazi Duniani walihesabu watu milioni 16.2 duniani wanaofanya kazi kwenye nishati jadidifu, yaani isiyokwisha kama ya jua na upepo, mwaka 2023. Ila milioni 7.4 kati yao walikuwa China, ambako ndiko viliko viwanda vingi vya paneli. Kanda inayoagiza kila kitu kutoka nje inaambulia kazi ya kufunga, na kufunga kuna mwisho.

Watu hujaa wakati wa kuchimba mashimo, kusimamisha fremu na kuvuta nyaya. Mtambo ukishawashwa wanabaki walinzi, wasafishaji na mafundi wachache. Lenga kuwa miongoni mwa hao mafundi. Paneli hudumu miaka 25 na zaidi, ila inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani, hubadilishwa mapema, kwa hiyo kazi ya fundi haiishi. Nami mara nyingi naitiwa konekta, yaani viungio vya nyaya za paneli: mtu kaunganisha dume la kampuni moja na jike la kampuni nyingine. Kwa macho zimebana vizuri, kumbe mguso ni hafifu. Joto linapanda, plastiki inageuka kahawia, halafu inayeyuka. Na hiyo ni DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, ya volti mia kadhaa. Ukiichomoa ikiwa na mzigo, cheche yake haikatiki kirahisi kama ya AC, umeme wa kawaida wa majumbani. Kijana aliyefundishwa kukaza bolti tu hawezi kuyajua haya, na mradi ukiisha naye kaisha.

Tazama Esbjerg, Denmark. Ulikuwa mji wa wavuvi, ukaja kuhudumia mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Mwaka 2002 shamba la upepo la Horns Rev 1, lenye mitambo 80, likajengwa baharini karibu yake, na bandari ile ikashika biashara ya upepo. Meli, karakana na watu waliozoea kazi za baharini walikuwepo tayari. Ndiyo maana nawasihi wanaopanga uchumi wa kanda waanze na mafundi walionao, wawaongezee ujuzi na vyeti, badala ya kushangilia idadi ya vibarua siku ya uzinduzi.

Kwako wewe: kabla hujasaini, uliza nani ana mkataba wa matengenezo baada ya makabidhiano, ni wa miaka mingapi, na kama bima na mikanda ya kupandia juu vinatolewa. Wakikosa majibu, chukua kibarua ukihitaji pesa, ila usiache kazi yako ya kudumu.