Mto umeganda tena: je, mafuriko yamekwisha?

SWALI: Nimepanga nyumba karibu na Mto Mohawk, Schenectady, jimbo la New York. Wiki jana joto lilipanda, mvua ikanyesha, barafu ya mto ikavunjika na maji yakafika hadi tunapoegesha magari. Sasa baridi imerudi, maji yameshuka, mto umeganda. Jirani anasema yamekwisha. Ni kweli?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kwa kweli mto wako sasa ni wa kuogopwa kuliko ulivyokuwa kabla ya mvua ile.

Mvua ya majira ya baridi haipati pa kuingia, maana udongo wenyewe umeganda. Inateremka mtoni pamoja na theluji iliyoyeyuka. Mto unavimba, unaiinua barafu na kuivunja ingali ngumu. Mapande husafiri mpaka yakutane na kona, nguzo za daraja au barafu ambayo bado haijavunjika. Kwenu mara nyingi hukwama kule Rexford, mto unapobanwa na korongo. Hapo ndipo maji ya nyuma hupanda, na hayakupi nafasi ya kufungasha: Montpelier, Vermont, tarehe 11 Machi 1992, katikati ya mji palifurika kwa muda usiozidi saa moja.

Baridi iliyorudi haikuondoa kizuizi hicho, imekichomelea. Simama ukingoni utazame, ila usikanyage barafu. Hutaona uso laini kama kioo. Utaona mabamba yaliyosimama wima, mengine yamepandiana, yana matope pembeni. Na hayo ni machache tu, kwani takriban sehemu tisa kati ya kumi za barafu inayoelea huwa zimezama. Maji yanajipenyeza chini yake. Leo ni machache, ndiyo maana yanatosha kupita.

Kisha kuna jambo linalowashangaza hata waliozaliwa kando ya mto: baridi peke yake inaweza kupandisha maji. Sehemu za mto zilizo juu zaidi, kule maji yanakotoka, ambazo hazijafunikwa na barafu, hutengeneza chembechembe za barafu, laini kama uji, ambazo mkondo huzibeba na kuzibandika chini ya lile rundo. Njia inazidi kuwa nyembamba usiku mkavu usio na tone la mvua.

Mohawk huo huo ulikwama katikati ya Januari 2018, ukaganda hivyo hivyo, na barafu ikakaa mpaka Februari.

Najua utauliza kwa nini wasilipue kwa baruti. Barafu ikivunjwa lazima iwe na pa kwenda. Ukilipua katikati, itakwama tena mbele kidogo, pengine mlangoni kwa mwenzako. Kazi hiyo huanzia upande maji yanakoelekea, na hata hivyo mara nyingi haifui dafu.

Wewe fuatilia utabiri wa hewa. Alasiri moja ya joto isikutishe. Kinachotisha ni mvua pamoja na usiku mbili tatu zisizoshuka chini ya sifuri. Ukiona hivyo, hamisha gari na upandishe vitu vya chini ghorofani kabla hujalala. Halafu kuna bima ya mafuriko ya serikali kuu, ambayo hata mpangaji anaweza kukatia vitu vyake. Kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, kwa hiyo ukingoje barafu ianze kulia umeshachelewa mwezi mzima.